Mkaza Mwana Aliyefagia Mtaa Mzima

Mimi watu wanaodamka siwapendi, na sijawahi kuwapenda. Nusu ya umri wangu nimezalisha wanawake wa mji wetu wa Margilan, nimegongewa mlango kwa ngumi saa ambazo hata mbwa wamelala, na siku niliyostaafu nilijiahidi kitu kimoja tu: kulala mpaka jua liniwakie usoni. Kisha jirani yangu Inobat akaleta mkaza mwana, na ahadi yangu ikaishia hapo.

Kwetu mwanamke aliyeolewa husikika kabla hajaonekana. Jua halijachomoza, anatakiwa awe amenyunyiza maji uani ili vumbi litulie, amefagia ua wote, amefungua lango, amefagia na kipande cha barabara kilicho mbele yake. Wazee wanasema bahati hupita mitaani alfajiri, na ikikuta lango halijafagiwa, inapita zake. Mimi nasema bahati yenye akili saa hizo ingekuwa imelala. Lakini wanawake wa mtaa wanasikiliza, tena wakiwa bado wamejifunika: ufagio wa nani umeanza, wa nani umechelewa, nani anafagia kwa hasira, nani anababaisha. Ikifika saa ya chai, kila mkaza mwana ameshahukumiwa.

Huyu wa Inobat aliitwa Zebiniso. Mume wake, Dilmurod, ni fundi wa kujenga huko Urusi. Alimwoa, akakaa naye msimu mmoja wa joto, kisha akapanda ndege akamwachia mama yake na ufagio. Binti mwembamba, mrefu, macho yake yanakutazama kama anayekupima joto. Alikuwa wa kwanza kuanza kila alfajiri, na dirisha langu ndilo lililo karibu na lango lao. Siku moja uvumilivu ukaniisha. Nikatoka na gauni la kulalia, nywele timutimu, nimpe maneno yangu.

"Wewe binti, unamfagilia nani saa hizi? Majini?"

"Assalamu alaykum, Tursunoy-opa. Nimekuamsha?" akasema, akiniita opa, dada mkubwa, kama adabu yetu inavyotaka.

"Hapana, mimi natembea usingizini. Na huyo unayesema naye ni nani? Nimeona midomo inacheza."

Akaona haya, akavuta ncha ya kitambaa cha kichwa mpaka mdomoni. "Sisemi na mtu, opa. Nataja mifupa ya kiganja."

Hapo ndipo nilipoamka sawasawa. Nikamshika mkono, nikamwambia ataje tena, kwa sauti. Akataja yote, hakukosea hata mmoja. Mimi mwenyewe, mkunga mzee, miwili nilikuwa nimeshaisahau, lakini hilo sikumwambia.

Basi akanieleza. Alipomaliza shule alikuwa wa kwanza katika somo la viumbe, na alitaka kwenda chuo cha uuguzi. Kiangazi hichohicho wakaja washenga, na baba yake hakuwaza mara mbili. Alipofika kwa Inobat, baada ya kuinama na kusalimu kila asubuhi kama inavyompasa bibi harusi, alikusanya ujasiri akaomba ruhusa ya kusoma. Inobat hakukasirika. Alimwambia: "Mwanangu, magoti yangu haya unayaona. Nyumba haiwezi kukaa bila mkono. Ngoja Elyor aoe. Mwenzako akishashika ufagio, wewe na mumeo mtahamia kwenu, usome mpaka uote mvi."

Ahadi yenyewe haikuwa ya uongo. Desturi yetu ndiyo hiyo: kitinda mimba hubaki na wazazi na mkewe, na wakubwa hutoka. Elyor ndiye kitinda mimba. Nyumba ya Dilmurod ilikuwa imeshasimama ng'ambo ya mfereji mkubwa, ina paa na mlango, imebaki kupigwa lipu tu, na kutoka kizingitini unaliona geti la chuo cha uuguzi. Ukipiga chafya, wanafunzi wanakuombea rehema.

"Na Elyor asipooa?" nikamuuliza.

"Ataoa, opa. Kila gari likisimama anajitazama kwenye kioo chake."

Nikacheka, nikaingia ndani, usingizi ukagoma. Nilikuwa nimeshaanza kumhurumia, na mtu niliyemhurumia huwa siwezi tena kumgombeza.

Alikuwa na utaratibu wake, na mimi ambaye nimeona wanafunzi wengi wa ukunga wakikesha na vitabu halafu wakishindwa, niliuheshimu. Alisema lengo kubwa humtisha, kwa hiyo hulikata vipande vidogo mpaka aone aibu kushindwa. Tena kila kitu kipya alikifunga kwenye kitu ambacho alikuwa anakifanya hata hivyo. "Kufagia siwezi kuacha, opa. Basi nikiweka kusoma ndani ya kufagia, kusoma nako sitaweza kuacha." Alisoma ukurasa mmoja jioni, akikanda unga wa mkate wa kesho, kitabu kimeegemezwa kwenye gunia. Alfajiri alirudia alichosoma, kwa ufagio. Kutoka langoni mpaka kwenye mti wa mforosadi ilikuwa mifupa. Kutoka kwenye mforosadi mpaka kwenye lango langu ilikuwa moyo na mishipa. Hakuruhusu mguu usogee mpaka jina limetoka.

Mimi nikawa namuuliza maswali dirishani, nimejifunga blanketi.

"Wengu uko wapi?"

"Kushoto, chini ya mbavu."

"Kazi yake?"

"Opa, hapo bado. Wengu ni wa mbele ya duka la mikate."

Balaa lilianzia hapo, na mimi nilikuwepo nikalitazama bila kulijua. Masomo yalipoongezeka, barabara ikawa haitoshi. Alipomaliza damu akahitaji mahali pa kuweka tumbo, kwa hiyo akafagia mbele ya lango langu. Tumbo likafuatiwa na figo, akafagia mbele ya lango la jirani wa pili. Figo zikaisha, likaja somo la dawa, akavuka daraja la mfereji mdogo. Masika yalipokwisha alikuwa anafagia mtaa mzima, kutoka kona mpaka kona, kila alfajiri, na hata msimu wa forosadi, matunda yanapodondoka na kupondeka na kuacha madoa meusi ambayo wakaza wana wengine huyalilia, yeye aliyakwangua moja moja. Alikuwa anajifunza mishipa ya fahamu, na mishipa ya fahamu ni mingi.

Sasa niambie, mwanamke wa Margilan akifungua lango lake akakuta limeshafagiwa na mkaza mwana wa mtu mwingine, atafikiri nini? Atafikiri huyo ni malaika. Katika mikutano yetu ya wanawake, tunapokutana kila mwezi nyumba hii na ile kula pilau na kuwasema wasiokuwepo, habari ikawa Zebiniso tu.

"Inobat, ulifunga siku gani ukaomba dua gani?" walimuuliza. "Wa kwangu hata kijiko hakioni mpaka nikionyeshe kwa kidole."

"Na anapofagia anamtaja Mungu," akasema mwingine. "Nimemwona kwa macho yangu, midomo haitulii."

Nikasema, "Anataja ini na nyongo, nyie. Anasoma. Anataka kuwa muuguzi."

Wakacheka wote. "Tursunoy na hospitali yake!" Inobat naye akacheka, lakini nilimwona alivyokuwa amekaa. Alikuwa amenyoosha mgongo. Maskini, maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifia kitu. Mume alikufa mapema, kijana mmoja yuko mbali, mwingine hana kazi ila kuchana nywele. Sasa wanawake wanamjazia sahani nyama kabla ya kujijazia wenyewe. Mtu aliyeonja kitu kama hicho uzeeni hakiachii.

Nikarudi nyumbani moyo mzito. Kesho yake nilimngoja Zebiniso langoni.

"Mwanangu, nisikilize. Fagia vibaya."

"Vipi, opa?"

"Vibaya! Acha taka. Chelewa. Vunja bakuli. Unguza mkate. Watu wasikusifie tena."

Alinitazama kama nimepandwa na homa. "Lakini mtihani ni mwezi ujao. Nikiacha kufagia, nitasomea wapi?"

"Mtihani utafaulu. Mimi naogopa kitu kingine. Unajifanya wa thamani katika nyumba ambayo unataka ikuachilie uondoke."

Akatabasamu. "Mama ameniahidi," akasema. Kweli Inobat alikuwa ameahidi, na Inobat si mwongo.

Mtihani akafaulu. Inobat mwenyewe alimpa ruhusa ya kwenda, akampikia mayai asubuhi hiyo, akamsomea dua kichwani. Jina lilipotoka, Zebiniso alikuja mbio mpaka uani kwangu, mara ya kwanza nimemwona akikimbia, akanikumbatia mpaka mifupa yangu, ambayo yote alikuwa anaijua kwa majina, ikalia. Masomo yangeanza vuli, majani yakianza kudondoka. Na Elyor, alhamdulillah, alikuwa ameshapata mchumba, harusi iko kabla ya hapo. Kila kitu kilikuwa kimejipanga. Hata mimi, kwa wiki chache, nilijidanganya.

Mchumba aliitwa Shahlo, mtoto wa mwenye maduka ya vitambaa. Mzuri, mnene kidogo, mcheshi, hana ubaya wowote na mtu. Ila kulala anajua! Siku ya pili baada ya harusi, wanawake wote tumejiegemeza ndani ya mablanketi tukingoja kusikia ufagio mpya. Kimya. Jua likatoka. Kimya. Kisha tukasikia ufagio uleule tuliouzoea, kwa mwendo uleule. Zebiniso hakuvumilia.

Nikamvamia. "Kwa nini umemfagilia? Mwache aaibike! Ndio uhuru wako huo!"

"Nilikaa kitandani, opa. Wallahi nilikaa. Mikono ikawa inawasha. Na jana jioni nilisoma ukurasa wa tezi, nikawa sina pa kuurudia."

Nikamshauri ajifanye mgonjwa. Akajifanya. Inobat akaja na magoti yake, akamketisha, akamnywesha chai ya moto, akalia machozi ya kweli akisema mtoto huyu amejichosha kwa ajili yake. Majirani wakaleta supu. Baada ya hapo nikajua kuwa hata angechoma nyumba, wangesema jiko ndilo lenye makosa.

Mkutano wa mwezi ule ulikuwa kwa Inobat. Pilau ilikuwa nzuri, na alikuwa na uso wa mtu anayeficha zawadi. Tulipomaliza kula akamwita Zebiniso, akamkalisha kando yake, mahali ambapo mkaza mwana hakai. Akavua hereni zake za dhahabu, za bibi yake mzaa mama, akamvisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimefikiri sana," akasema. "Desturi inasema kitinda mimba ndiye abaki. Lakini Mungu hakunipa binti, amenipa huyu. Elyor na Shahlo wataenda kwenye nyumba ya ng'ambo ya mfereji. Dilmurod na Zebiniso watabaki na mimi. Nataka nifie mikononi mwa huyu."

Wanawake wakalia kwa furaha. Wakambusu Inobat, wakambusu Zebiniso, wakasema hakuna mkaza mwana aliyewahi kupata heshima kama hiyo mtaani kwetu, na walikuwa wanasema kweli. Mimi nilimtazama binti. Rangi ilikuwa imemtoka usoni mpaka midomo. Angesema nini? Mbele ya watu wote, mwanamke mzima analia akisema nataka nifie mikononi mwako, utamjibu nini? Akainuka, akainama, akamshukuru, akaanza kukusanya sahani.

Nilingoja wageni waondoke, nikamkabili Inobat jikoni kwake.

"Ulimwahidi."

"Niliahidi, na sijakataa. Atasoma mwaka ujao, inshallah."

"Mwaka ujao nani atakanda? Nani atapokea wageni? Masomo ni asubuhi, Inobat, saa ambazo tanuri linawaka. Nafasi yake haitamngoja."

Akakaa kwenye kigoda, akawa mzee ghafla mbele ya macho yangu. "Tursunoy, wewe umezoea kuwa peke yako. Mimi siwezi. Umemwona Shahlo? Nikianguka bafuni, atanikuta adhuhuri. Nisipomshika huyu, nimshike nani?"

Nilitaka kumtukana, lakini alikuwa anaogopa kweli, na mtu anayeogopa huwezi kumshinda kwa hoja. Nikamwambia tu, "Mwachilie," mara mbili, nikatoka.

Jioni hiyo Zebiniso alimpigia mumewe simu, amekaa kwenye ngazi zangu ili asisikike nyumbani. Sauti ya Dilmurod ilisikika mpaka kwangu. Alikuwa na furaha. "Mama amekuchagua wewe! Unajua Elyor amenuna kiasi gani? Mimi huku najisifu kwa wenzangu."

"Na chuo, Dilmurod?"

"Chuo kitakimbilia wapi? Muuguzi wanampata popote. Mama ana wewe mmoja tu." Kisha akaongeza, kwa upole, na ndio uliouma zaidi: "Wewe mwenyewe ulifanya akupende, Zebi. Sasa utamvunja moyo?"

Zebiniso alikata simu. Nikamwambia nitamtorosha. Sikuwa natania. Nina chumba cha ziada, akae kwangu, aende chuo kutoka kwangu. Akatikisa kichwa.

"Nitaishi mlango wa pili na yeye awe anafagia mwenyewe kwa magoti yale, mimi nikimsikia? Kama ningeweza hilo, opa, ningekuwa nimeshaweza kubaki kitandani ile asubuhi ya Shahlo."

Majani yakadondoka. Siku ya kwanza ya masomo ikafika, wasichana wa makoti meupe wakapita barabara kubwa kwa makundi, na Zebiniso alikuwa na wageni kutoka Namangan waliokuja kumtazama kama watu wanavyotazama mnara. Nilikwenda mwenyewe chuoni kuomba wamhifadhie nafasi. Waliniheshimu, wakaniletea chai, wakanieleza kwamba jina limeshafutwa.

Kesho yake alfajiri nikamsikia tena. Nilichungulia. Alikuwa anafagia mbele ya lango langu na midomo inacheza, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, mpaka kwenye daraja. Mazoea yalikuwa hayajapata habari kwamba lengo limekufa. Nilifunga pazia, na sina haya kusema kwamba nililia.

Huko ng'ambo ya mfereji Shahlo alichoka. Nyumba ndogo, hakuna mama mkwe, hakuna wageni, Elyor yuko mbele ya kioo. Kila akifungua mlango anaona wasichana wanaingia getini wakicheka. Katikati ya baridi akamwambia baba yake, na baba yake akazungumza na watu wake, akalipa, binti akaingizwa chuoni humo. Shahlo hakuwa na nia mbaya. Alitaka mahali pa kwenda asubuhi, na aliona koti jeupe lingempendeza. Lilimpendeza pia.

Tangu hapo anakuja kila Jumapili. Anajitupa kwenye kitanda cha uani, anafungua kitabu, na kupiga kelele.

"Dada Zebi, nimekufa! Kongosho liko wapi tena?"

Jumapili iliyopita nilikuwepo. Zebiniso alikuwa anamimina chai. Bila kuinua macho akasema liko nyuma ya tumbo la chakula, kichwa chake kimelala kulia, mkia umeelekea kwenye wengu, akaeleza kazi yake, akaeleza likiugua mtu huwaje, sauti imetulia, chai haikumwagika hata tone. Shahlo akaandika mbio. Akauliza lingine, akajibiwa. Akauliza la vali za moyo, akajibiwa hilo pia, na kosa la mwalimu lililokuwa kwenye daftari lake likasahihishwa.

Inobat alikuwa amejiegemeza kwenye mito, anasikiliza, uso umejaa mapenzi. Akanigusa goti.

"Mashallah, Tursunoy, umesikia kichwa hicho? Ningekuwa mwanamume mwenye mali ningemsomesha. Mwanangu, wewe ungesoma, ungefika mbali sana."

Hakuwa anadhihaki. Alikuwa amesahau, kama mtu anavyosahau mvua ya mwaka juzi. Nilifungua mdomo kumkumbusha, lakini Zebiniso alinitangulia. Alimkabidhi mama mkwe bakuli lake kwa mikono miwili, kama anavyofanya siku zote.

"Si mbali, mama," akasema. "Ng'ambo ya mfereji tu."

Inobat akacheka mpaka hereni zake mpya, alizonunua badala ya zile, zikachezacheza, akamwambia Shahlo, "Unaona? Na mzaha anajua!" Kisha akanywa chai yake, akasema imepoa kidogo, na Zebiniso akaenda kuchemsha nyingine.